Kabla hujaniuliza asilimia ya jivu, niambie rola liko wapi

Juzi fundi mmoja kijana kaniandikia: "Kaka, kwenye tabaka la msingi la barabara niweke jivu asilimia ngapi?" Amenitonesha kidonda. Asilimia mimi nilikuwa nayo, na bado niliaibika.

Tulikuwa tunaimarisha udongo kwa jivu la makaa ya mawe, lile lenye chokaa nyingi, linalokaza lenyewe likipata maji bila kuongezewa saruji. Maabara walishatupa asilimia 12. Tukatandaza, tukachanganya, boza, lile gari la maji, likanyunyiza. Mara rola la kushindilia likagoma. Nikasema tusubiri. Zikapita saa nne ndipo likaja jingine, tukashindilia mpaka juu pakang'aa. Usiku ule nililala fofofo.

Siku ya saba nikapiga kisigino ukingoni. Pakameguka. Nikaokota bonge, likasagika vidoleni likawa vumbi la kijivu. Jivu la namna ile halingoji mtu: kushindilia kunatakiwa kuishe ndani ya saa mbili hivi tangu likutane na maji. Sisi tulikuwa tunavunja kilichokwisha kushikana, na kikishavunjika hakirudi hata umwage boza zima. Mita 300 zikafukuliwa. Mhandisi mshauri akanisema mbele ya vibarua. Maneno yale hayajanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo nisikilize, mdogo wangu. Rola lingurume kwanza, jivu baadaye. Changanya kipande unachoweza kukimaliza, basi. Ukitumia chokaa yenyewe badala ya jivu, kwenye mfinyanzi mzito ina sharti lake: iache ilale siku moja au zaidi, ndipo uchanganye tena na kushindilia. Na pima salfeti, ile chumvi iliyomo kwenye udongo, mapema! Chokaa, salfeti na maji vikikutana kwenye mfinyanzi huzaa fuwele zinazovimba na kuinua barabara yote. Hapo slagi ya tanuri la chuma (mabaki ya madini ya chuma yakishayeyushwa) iliyosagwa, ikitiwa chokaa kidogo, husaidia sana. Dawa za majimaji za kuimarisha udongo usizinunue kwa maneno ya muuzaji. Zijaribu kwenye udongo wako mwenyewe.

Rola kwanza, narudia.

Sasa asilimia. Peleka maabara udongo wako na jivu lako, uwaambie wakishachanganya wakae saa mbili ndipo washindilie vipande vya kupima. Wangu walishindilia papo hapo, ndiyo maana namba zao zilikuwa nzuri kuliko barabara yangu.