Maswali na majibu: Asima Chatterjee, mkemia wa mimea ya dawa

Wasomaji kadhaa wametuma maswali kuhusu Asima Chatterjee (1917–2006), mkemia wa India ambaye karibu maisha yake yote aliyatumia kuchunguza kemikali zilizomo katika mimea ya dawa. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Alizaliwa wapi, na aliwezaje kusoma kemia katika enzi ambayo wasichana wengi wa India hawakufika chuo kikuu?

Alizaliwa Kolkata (zamani Calcutta) tarehe 23 Septemba 1917, akiwa mtoto wa daktari Indranarayan Mukherjee, mtu aliyependa sana mimea na aliyemzoesha binti yake kuitazama kama hazina ya tiba. Alipata shahada ya kwanza ya kemia mwaka 1936 katika Scottish Church College, akamaliza uzamili Chuo Kikuu cha Calcutta mwaka 1938, na mwaka 1944 chuo hichohicho kikamtunuku Udaktari wa Sayansi. Mara nyingi hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kupewa shahada hiyo na chuo kikuu cha India. Janaki Ammal, mtaalamu wa mimea aliyemtangulia, aliipata yake Michigan, Marekani. Hata kabla ya kupata udaktari huo, Asima alikuwa amekwisha kupewa kazi ya kuanzisha idara ya kemia katika Lady Brabourne College, mwaka 1940.

Alkaloidi ni nini, na ndani ya maabara alikuwa akifanya nini hasa?

Alkaloidi ni kundi la kemikali zenye nitrojeni zinazotengenezwa hasa na mimea, nyingi zikiwa chungu na zenye nguvu mwilini hata kwa kiasi kidogo. Kwinini, mofini, nikotini na kafeini ni miongoni mwake. Kwa kuwa zina tabia ya besi, yaani kinyume cha asidi, wakemia huzinasa kwa njia inayojulikana tangu zamani. Gome au mizizi hukaushwa, husagwa na kulowekwa katika alkoholi. Kimiminika kinachopatikana hutiwa asidi, ili alkaloidi zigeuke chumvi na kuyeyuka katika maji, huku mafuta na utomvu vikiachwa nyuma. Kisha maji hayo hutiwa besi, nazo alkaloidi hujitenga, zikachukuliwa na kiyeyushi kingine na kusafishwa hadi zigande kuwa fuwele. Hivyo ndivyo alivyoanza na mmea wa Rauwolfia canescens, ambamo alitoa alkaloidi iliyopewa jina la rauwolscine.

Hiyo ni nusu ya kazi, tena iliyo nyepesi. Nusu ya pili ni kujua atomu zimeunganaje, na katika miaka ya 1940 maabara za Kolkata hazikuwa na mashine za kusoma molekuli ambazo leo ni za kawaida. Mtafiti alipima kiwango cha myeyuko, akachoma sampuli ili kupata uwiano wa kaboni, haidrojeni na nitrojeni, kisha akaivunja molekuli kwa vitendanishi, akavitambua vipande vilivyokwisha kujulikana, na kutokana navyo akajenga hoja juu ya umbo la kitu kizima. Kipande kimoja kikitambuliwa vibaya, hoja yote huanguka. Kwa maoni yangu ukubwa wa Chatterjee uko hapa, katika uhakika wa miundo aliyoitangaza, kuliko katika dawa zinazohusishwa na jina lake.

Nimesoma kwamba yeye ndiye aliyegundua vinblastini na vinkristini, dawa za saratani. Ni kweli?

Hapana, ingawa naelewa uvumi huo ulikotoka. Dawa hizo mbili hutokana na Vinca rosea, ua lenye asili ya Madagaska ambalo hupandwa bustanini hata katika pwani yetu, na Chatterjee alizichunguza kwa muda mrefu alkaloidi za jamii hiyo. Lakini vinblastini ilitengwa Kanada na Robert Noble na Charles Beer katika miaka ya 1950, na vinkristini ikafuata katika maabara za kampuni ya Eli Lilly, Marekani. Kumpa sifa isiyo yake ni kuificha iliyo yake.

Basi ni dawa ipi iliyotoka katika maabara yake?

Inayojulikana zaidi ni Ayush-56, dawa ya kifafa iliyotengenezwa hasa kutokana na Marsilea minuta, jimbi dogo la majini ambalo Wabengali hulila kama mboga na kuliamini kuwa huleta usingizi. Alishughulikia pia dawa ya malaria kutokana na mimea kadhaa, ukiwamo mti wa Alstonia scholaris, lakini dawa hiyo haikuchukua nafasi ya tiba zinazotumiwa leo duniani.

Je, alikuwa na fedha za utafiti? Na familia?

Fedha zilikuwa haba. Viyeyushi na vitendanishi vilikuwa vigumu kupatikana, na sampuli nyingine zilipaswa kupelekwa ng'ambo kuchambuliwa kwa gharama zake mwenyewe. Mwaka 1945 aliolewa na mkemia mwenzake, Baradananda Chatterjee. Mwaka 1947 alikwenda Marekani akiwa na binti yake mchanga, akafanya utafiti Wisconsin na kisha Caltech, chuo cha teknolojia cha California, halafu Zurich kwa Paul Karrer, mshindi wa Tuzo ya Nobel, kabla ya kurejea nyumbani mwaka 1950. Mwaka 1967 alifiwa na baba na mume katika kipindi cha miezi michache, naye mwenyewe akaugua, lakini alirudi maabara. Binti yake naye akawa mkemia.

Serikali ya India ilimtambua?

Ilimtambua. Mwaka 1961 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Shanti Swarup Bhatnagar katika kemia. Kuanzia 1962 hadi 1982 alikuwa Profesa wa kiti cha Khaira, cheo cha heshima cha Chuo Kikuu cha Calcutta. Na mwaka 1975 alipewa nishani ya Padma Bhushan na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Kongamano la Sayansi la India. Kuanzia 1982 hadi 1990 alikuwa mbunge wa kuteuliwa katika Rajya Sabha, baraza la juu la Bunge la India.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Je, aliwahi kuandika kwa lugha yake?

Ndiyo. Pamoja na makala karibu 400 za kitaalamu na juzuu sita za Kiingereza kuhusu mimea ya dawa ya India, alizozihariri na Satyesh Chandra Pakrashi, aliandika kitabu cha kemia cha sekondari kwa Kibengali. Kilichapishwa na Bangiya Bijnan Parishad, chama kilichoanzishwa mwaka 1948 na mwanafizikia Satyendra Nath Bose ili sayansi ifundishwe kwa lugha hiyo.