Mkono uliolala hausikii amri

Mmeuliza wiki hii: "Mwenye ugonjwa wa ngozi wa kudumu hulalaje usiku?" Mngeniuliza miaka michache iliyopita ningejibu kwa neno moja, halali, na barua ingeishia hapo.

Nina pumu ya ngozi tangu utotoni: kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Mchana tunaelewana, kwa kuwa mikono ina shughuli na kichwa kina mambo mengine. Kasheshe huanza taa ikizimwa. Nilikuwa naamka saa nane usiku kwa sauti, kwaru, kwaru, kwaru, nikidhani ni panya, kumbe ni mimi. Asubuhi naikagua shuka: doa la damu hapa, jingine pale, na unga wa ngozi kavu umetapakaa kama vile mtu alikuwa anakwangua chokaa ukutani.

Mume wangu, mtu mwema kabisa, alikuwa na dawa moja tu: "Acha kujikuna." Kabla yake alikuwa nayo mama. Naomba wasomaji wenye wagonjwa nyumbani waitupilie mbali dawa hiyo. Mkono wa mtu aliyelala hausikii amri. Hata aliye macho, ukimwambia asijikune, huanza kuwashwa mpaka mahali palipokuwa pametulia. Mimi ilinifanya nilale nimejikaza kama askari wa lindo, na mtu wa lindo hapati usingizi. Utotoni nilivalishwa soksi mikononi. Ukubwani nikanunua glavu za pamba. Wapo zinaowasaidia. Mimi kila asubuhi moja iko chini ya mto na nyingine haijulikani ilikokwenda.

Aliyenifumbua macho ni daktari wa ngozi, kwa swali ambalo sikulitegemea: jioni nafanya nini? Akanieleza kwamba kotisoli, homoni ya mwili ambayo pamoja na kazi nyingine hutuliza uvimbe, hushuka jioni na kuwa kidogo kabisa karibu na usiku wa manane. Wakati huohuo damu husogea kwenye ngozi ili mwili upoe ujiandae kulala, hivyo ngozi yenyewe hupata joto, na joto huchochea mwasho. Tena usiku ngozi hupoteza maji zaidi kuliko mchana. Nikapiga hesabu zangu: nilikuwa napanda kitandani saa nne, mkavu, nimejifunika gubigubi. Ningelalaje?

Siku hizi kazi naimaliza mapema. Naoga saa mbili usiku kwa maji ya vuguvugu, dakika 10 hazizidi. Maji ya moto ni matamu sana kwenye ngozi inayowasha, nayajua, na utamu huo umenitokea puani mara nyingi. Najikausha kwa kubonyezabonyeza taulo bila kusugua, na kabla unyevu haujaisha napaka mafuta ya mgando, kwa wingi. Losheni niliiacha: ina maji mengi, haikai, na kwenye mikwaruzo inachoma. (Tahadhari moja: nguo na shuka zilizolowa mafuta haya hushika moto upesi, kwa hiyo mshumaa na sigara vikae mbali na kitanda.)

Krimu ya steroidi, yaani dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe, ni kwa pale palipowaka tu, kwa siku alizoandika daktari. Hapa nilikuwa na kosa la miaka mingi. Kwa kuiogopa, nilikuwa napaka kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, halafu nalalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Kumbe kipimo kipo: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye mkunjo wa pingili ya kwanza hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Wiki ya kwanza niliyopaka sawasawa ndiyo wiki ya kwanza niliyolala mpaka alfajiri bila kuamka.

Kitandani sina mengi. Shuka za pamba, na kila wiki zinafuliwa kwa maji ya moto, nyuzi 60, maana wadudu wadogo wa vumbi hawastahimili joto hilo. Kucha nazikata kisha nazipiga tupa, kwa sababu kucha iliyokatwa tu ina ncha kali kuliko ndefu. Na blanketi tumegawana. Mume wangu anapenda joto, mimi joto ni adui, na kila mtu na lake kumetupunguzia hata ugomvi.

Bado zipo siku ninaamka. Nina bakuli la maji pembeni lenye kitambaa. Nakikamua na kukiweka panapowasha. Kikishindwa, nakunja ngumi, nahesabu taratibu hadi 30, kisha nabonyeza ukucha bila kuusogeza. Ukiwatazama watu wakifanya hivyo utacheka, lakini mwasho hupita. Kama dakika 20 zimeisha na macho makavu, natoka kitandani nikakae mahali penye mwanga hafifu hadi usingizi urudi. Saa ya ukutani niliihamishia chumba kingine. Kuitazama kulikuwa ugonjwa wa pili.

Mtauliza pia kuhusu vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi. Nilivitumia miezi. Vinakulaza kweli, lakini mwasho wa pumu ya ngozi kwa sehemu kubwa hautokani na histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho wa mzio, ambayo vidonge hivyo huizuia, na asubuhi nilikuwa natembea kama niliyepigwa rungu. Mwenye vipele vya mzio vinavyotokea na kupotea, huyo ni habari nyingine, na kwake zipo dawa za jamii hiyo zisizolewesha usingizi.

Na jambo moja kwa anayesoma akiwa hajapimwa: kama mwasho wa usiku umeanza juzi tu, na wenzako nyumbani nao wanajikuna, hasa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, huenda ni upele wa wadudu wanaochimba ngozi. Huo unatibika, ila nyumba nzima mtibiwe kwa pamoja, hata asiyewashwa. Mafuta yangu ya mgando hayatakufaa kitu.

Mume wangu naye amebadilika. Akisikia kwaru kwaru hasemi neno. Ananyoosha mkono gizani, anakitafuta kitambaa kwenye bakuli, ananiwekea shingoni kikiwa bado kinachuruzika, kisha anageukia ukutani. Sijamfundisha kukikamua. Mto unalowa, nami nanyamaza.