Maswali ya Wasomaji: Ukiitwa Kwenye Bodi ya Shirika la Nyumba

Nimealikwa kuwa mjumbe wa bodi ya shirika lisilo la kiserikali linalojenga na kupangisha nyumba za bei nafuu kwa wajane na wenye kipato cha chini. Mimi ni mwalimu mstaafu, mambo ya nyumba siyajui. Kabla sijakubali niombe kuona nini? (Msomaji, Nkuhungu)

Mwalimu, omba katiba ya shirika, cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili na nakala ya hati ya kila kiwanja. Visome nyumbani, usingoje kupewa kikaoni. Ualimu wako unatosha: aliyezoea kusahihisha madaftari huona haraka jibu lililonakiliwa. Kwenye katiba tafuta akidi (idadi ya wajumbe inayotosha kikao kuwa halali), muda wa ujumbe, na nani mwenye mamlaka ya kumwajiri na kumwondoa mkurugenzi.

Kwenye hati ndipo pa kukaa. Hati iwe kwa jina la shirika lenyewe au la wadhamini waliosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ikiwa kwa jina la mwanzilishi, hata awe mtu mwema namna gani, siku akifariki nyumba za wajane zinaweza kuingizwa kwenye mirathi yake, na shirika libaki kuhangaika mahakamani na watoto wa marehemu.

Hapa Dodoma kuna jambo jingine. Ardhi ya mji ilikuwa chini ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tangu 1973 hadi ilipovunjwa 2017 na kazi zake kuhamia manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa jiji. Hati za enzi ya CDA zilikuwa za miaka 33. Kama kiwanja ni cha wakati huo, uliza hati ilishabadilishwa au bado, na imebakiza miaka mingapi. Omba pia upekuzi wa ofisi ya ardhi (taarifa ya nani kasajiliwa kumiliki kiwanja) na risiti za kodi ya ardhi, kwa sababu kutoilipa ni sababu mojawapo ya milki kufutwa.

Kila kikao mhazini anatusomea kiasi cha kodi kilichokusanywa na salio la benki, tunapiga makofi tunaondoka. Nahisi kuna kitu hatukioni. (Mjumbe, Kondoa)

Kipo. Tuseme mna nyumba 24, kila moja kodi ya shilingi 50,000 kwa mwezi. Mlitegemea 1,200,000. Nyumba mbili ziko wazi, kwa hiyo inabaki 1,100,000. Mhazini anasema zimeingia 1,020,000, nanyi mnaona pengo ni 80,000 tu. Sasa muulize: kati ya hizo, ngapi ni madeni ya zamani yaliyolipwa mwezi huu? Akisema 120,000, basi kodi ya mwezi huu iliyoingia ni 900,000 na deni jipya ni 200,000. Takwimu ni zilezile, ila habari yake ni nyingine kabisa. Dai taarifa yenye safu tano: iliyotarajiwa, ya nyumba wazi, iliyolipwa ya mwezi huu, madeni yaliyolipwa, na madeni yaliyobaki kwa umri wake (mwezi mmoja, miwili, mitatu na zaidi).

Salio la benki nalo hudanganya. Ndani yake mna amana za wapangaji, ambazo si mali yenu, na pesa za mfadhili zenye kazi maalumu. Ziondoe kwanza. Kisha uliza fungu la matengenezo liko wapi. Kama kubadilisha paa la nyumba moja kutagharimu 2,400,000 na bati mnalitegemea miaka 20, kila nyumba iweke 10,000 kwa mwezi, yaani moja ya tano ya kodi. Shirika lisiloweka hurudi kwa mfadhili na bakuli kila bati likitoboka.

Na kodi iingie kwenye lipa namba ya shirika. Ikipitia simu ya mkusanyaji, hata akiwa mwaminifu, hakuna mkaguzi atakayeweza kuilinganisha na orodha ya wapangaji.

Tangu 2021 kodi ya majengo, ambayo ni ya mwenye nyumba, hukatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), na anayenunua umeme ni mpangaji. Amueni kwenye mkataba atarudishiwaje.

Posho ya kikao ni kiasi gani? (Mjumbe, Mpwapwa)

Kiasi kilichopitishwa kwenye bajeti. Isiyo kwenye bajeti msiipokee.

Mjumbe mwenzetu ana duka la vifaa vya ujenzi na bei zake ni nafuu. Tukatae kununua kwake? (Mjumbe, Manyoni)

Si lazima. Atangaze maslahi yake mwanzo wa kikao, katibu aandike kwenye muhtasari, kisha atoke nje wakati mnajadili na kuamua. Kukaa kimya kwenye kiti chake hakutoshi, maana hakuna atakayesema bei ni mbaya huku anamtazama usoni. Chukueni nukuu tatu za bei kwa orodha moja: saruji ya daraja gani, bati geji gani, usafiri na kushusha mzigo vimo au havimo.

Mchezo huwa kwenye kupokea. Nukuu inasema geji 28, gari linashusha geji 30, ambalo ni jembamba zaidi. Mtunza stoo asome maandishi yaliyopigwa kwenye bati kabla ya kusaini.

Nyumba zetu zina nyufa. Fundi ameleta bei ya kupiga lipu upya zote. Tupitishe? (Mjumbe, Nala)

Bado. Kwenye ncha ya kila ufa pigeni mstari wa penseli na tarehe, pimeni upana, pigeni picha. Rudini Mei, mvua zikiisha. Ufa usiovuka penseli ni wa lipu. Uliovuka, hasa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya matofali kutoka pembe ya dirisha, ni wa msingi. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na lipu mpya itapasuka palepale. Angalieni maji ya bafuni na ya kufulia yanaishia wapi. Yakituama ukutani, chimbeni mfereji wa kuyapeleka mbali kwanza, wekeni na mifereji ya paa. Ufa unaopitisha kidole ni wa kumwita mhandisi, na wapangaji wahamishwe wakati mnamsubiri.