Majani ya mstafeli "yaliua seli maabara": je, tuahirishe mionzi ya mtoto?

SWALI: Shikamoo daktari. Mtoto wa dada yangu, wa kiume, miaka 6, alifanyiwa upasuaji wa uvimbe nyuma ya kichwa wiki tatu zilizopita. Majibu yanasema ni meduloblastoma, saratani ya ubongo inayowapata hasa watoto, na bloku (kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta) imepelekwa maabara nyingine kwa vipimo zaidi. Jirani ametuletea majani ya mstafeli pamoja na video inayoonyesha kwamba yaliua seli za saratani ya ubongo maabara. Mtoto ameanza kuyanywa na kwa kweli amechangamka. Kama maabara yenyewe imethibitisha, kwa nini tukimbilie kuchoma kichwa na mgongo wa mtoto mdogo hivi? Hatuwezi kusubiri miezi miwili mitatu tukaona? – Mama mdogo wa mgonjwa, Tanga.

JIBU: Marahaba, mama. Poleni sana na uguzi. Nitangulize jibu: msisubiri. Mionzi ya meduloblastoma hupangwa ianze kati ya wiki ya 4 na ya 7 baada ya upasuaji, na nyinyi tayari mko wiki ya tatu. Kabla ya siku ya kwanza ya mionzi kuna kinyago cha kushikilia kichwa kisitikisike, kuna picha ya CT ya kupanga, kuna hesabu za dozi, na hayo yote yanakula siku. Muoneni daktari wa mionzi wiki hii hii, hata kama majibu ya bloku hayajarudi.

Sasa hiyo video. "Iliua seli za saratani maabara" ni maneno ya kweli ambayo hayasemi lolote kuhusu mtoto wenu, na kila wiki kuna familia inayopoteza muda kwa ajili yake. Ngoja nieleze seli hizo zinaishije, kisha mtajionea jinsi kuziua kulivyo rahisi.

Ni chupa bapa ya plastiki iliyolazwa ndani ya inkubeta, joto nyuzi 37, hewa yenye kaboni dioksaidi asilimia 5. Ndani yake kuna maji ya lishe mekundu kama juisi ya rozela iliyozimuliwa: sukari, chumvi, vitamini, na seramu ya damu ya ndama kama asilimia 10. Seli zimejibandika kwenye sakafu ya chupa. Hazina ini la kuzisafishia sumu, hazina figo, hazina ngozi wala kinga. Ukiisahau chupa hiyo mezani, kifuniko kikiwa kimelegea, kaboni dioksaidi inatoka, wekundu unaelekea zambarau, na seli zinaanza kuumia bila kuguswa na dawa yoyote. Maji ya bomba yanazipasua. Siki inaziua, chumvi ya mezani ikizidi inaziua, sabuni ya vyombo inaziua haraka kuliko vyote. Hakuna anayesema sabuni ya vyombo inatibu uvimbe wa ubongo.

Kwa hiyo mtaalamu akionyeshwa seli zilizokufa, haulizi kama zilikufa. Anauliza zilikufa kwa dozi gani, seli za kawaida zilizowekewa dozi hiyo hiyo zilifanyaje, na visima vya kulinganisha, yaani vishimo vya sahani ya majaribio visivyowekewa dawa inayopimwa, vilikuwa na nini.

Jaribio lenyewe hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye visima 96, kila kimoja na mikrolita 100 za lishe na seli elfu chache. Majani hulowekwa kwenye alkoholi, alkoholi ikaachwa ivuke, kisha rojo linalobaki, yaani kiini cha jani, linayeyushwa kwa kiyeyushi kiitwacho DMSO, kwa kuwa sehemu kubwa yake haiyeyuki vizuri kwenye maji. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. DMSO ikizidi asilimia 1 ndani ya kisima, seli nyingi zinaumizwa na DMSO yenyewe. Maabara makini huishusha hadi 0.1 na kuweka visima vyenye DMSO tupu pembeni. Baada ya siku 2 au 3 unawekwa unga wa njano uitwao MTT, ambao seli hai huugeuza zambarau, na mashine inasoma ukali wa rangi. Lakini viini vingi vya mimea vina uwezo wa kugeuza MTT vyenyewe, hata kisima kikiwa hakina seli hata moja, na rangi ya majani nayo inachafua usomaji. Ndiyo maana ni lazima kuwe na visima vyenye kiini cha jani bila seli. Jaribio lisilo na visima hivyo halina thamani hata likipambwa kwa grafu za rangi saba.

Kisha, seli zile ni za nani? Mara nyingi kwenye utafiti wa meduloblastoma utakuta jina Daoy. Ni seli zilizotokana na uvimbe wa mtoto wa miaka 4 na zimekuwa zikikuzwa maabara tangu miaka ya 1980. Zinapendwa kwa sababu zinaota haraka na hazisumbui. Lakini meduloblastoma ina makundi manne makubwa, WNT, SHH, kundi la 3 na kundi la 4, na Daoy hufananishwa na SHH tu. Kundi la 4, lenye wagonjwa wengi kuliko mengine, ndilo gumu zaidi kukuzwa kwenye chupa. Ongeza na mikoplasma, vijidudu visivyoonekana kwa darubini ya kawaida na visivyojali penisilini kwa kuwa havina ukuta wa seli. Vikiingia kwenye chupa vinabadilisha mwenendo wa seli kimya kimya, na maabara isiyopima mara kwa mara inaweza kutoa matokeo ya mwaka mzima yasiyofaa kitu.

Tuseme basi kila kitu kilifanyika sawasawa. Bado kuna dozi. Kwenye majaribio ya namna hii mara nyingi utaona mikrogramu 100 za kiini kikavu kwa kila mililita. Mtoto wa kilo 20 ana maji ya mwili kama lita 12. Ili maji hayo yafikie kiwango cha kisima, ingebidi gramu 1.2 za kiini, wala si za majani, ziwe zimeyeyuka mwilini mwake kwa pamoja na zibaki hapo siku tatu huku ini na figo zikikaa tu bila kuzitoa. Kikombe cha majani yaliyochemshwa hakifiki huko. Na kama kingefika, kiwango hicho kingegusa moyo wake, ini lake na ubongo wake mzima mzima kama kinavyogusa uvimbe.

Tena huo ni mwili tu, hatujafika kwenye ubongo. Kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimeshonwa kwa karibu sana, na zina pampu zinazorudisha nje vitu vingi vigeni. Dawa nyingi zinazoonekana nzuri zinakwama hapo. Uvimbe uliopandikizwa chini ya ngozi ya ubavu wa panya unaweza kuyeyuka kwa dawa fulani, kisha dawa hiyo hiyo ikashindwa kabisa seli hizo zikipandikizwa ndani ya ubongo wa panya. (Kundi la WNT lina mishipa inayovuja, kwa mujibu wa utafiti wa panya, na inadhaniwa hiyo ni sababu mojawapo ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, kulipata vizuri zaidi.) Kutoka kisima hadi panya, kutoka panya hadi watoto wachache wanaofuatiliwa kwa makini, ni miaka mingi, na vitu vingi vinaangukia njiani.

Kuhusu mstafeli wenyewe kuna jambo ambalo muuzaji hatawaambia. Kemikali inayosifiwa humo ni ya jamii ya asetojenini, na mojawapo inaitwa anonasini. Inaziba mtambo wa nishati ndani ya seli, ndiyo maana seli kwenye sahani zinakufa. Seli za neva nazo zinategemea mtambo huo huo. Mwaka 1999, watafiti katika kisiwa cha Guadeloupe, kwenye bahari ya Karibi, walihusisha ulaji wa matunda na unywaji wa chai ya majani ya jamii ya mstafeli na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson, usioitika vizuri dawa za kawaida. Majaribio ya panya yaliyofuata yalionyesha anonasini inadhuru seli za ubongo. Kula stafeli mara moja moja ni jambo lingine. Kumnywesha kila siku, tena majani, mtoto aliyetoka kufunguliwa kichwa, ni jambo la kuacha leo.

Mnasema amechangamka. Ninaamini, na ninafurahi. Lakini tazameni karatasi ya dawa alizotoka nazo wodini. Karibu hakika mtaona deksamethasoni, inayopunguza uvimbe wa maji kuzunguka jeraha la ubongo. Mtoto huacha kutapika, hamu ya kula inapanda, anacheka. Pia upasuaji uliondoa kilichokuwa kimeziba njia ya maji ya ubongo. Majani yamefika wakati mtoto tayari anapata nafuu, yakachukua sifa. Hiyo deksamethasoni msiisimamishe ghafla kwa kuona amepona. Hupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya daktari. Na kutapika kwa asubuhi, kichwa kuuma au usingizi usio wa kawaida vikirudi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Hofu ya mionzi ni ya haki. Kwa mtoto wa umri huu ambaye hana dalili za hatari kubwa, uti wa mgongo na ubongo wote hupewa Grei 23.4 (Grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), kisha sehemu ya uvimbe huongezewa hadi 54, siku tano kwa wiki kwa wiki kama sita, pamoja na kemo. Inaweza kuathiri urefu, homoni, usikivu na kasi ya kujifunza, na lazima afuatiliwe kwa miaka. Lakini hofu hiyo imeshapimwa. Marekani kulikuwa na jaribio dogo lililowaacha bila mionzi watoto wa kundi la WNT, lenye matumaini kuliko yote, baada ya upasuaji, huku wakipewa kemo kamili. Lilisimamishwa mapema kwa sababu uvimbe ulirudi. Kama kemo ya hospitali haikuweza kushika nafasi ya mionzi kwenye aina iliyo nyepesi kuliko zote, anayewaahidi kwamba kikombe cha majani kitaweza anawadanganya.

Halafu kuna ule wimbo wa kwamba wenye maabara wanaficha dawa za mimea. Vinkristini, moja ya dawa ambazo mtoto wenu huenda akapewa, imetoka kwenye mmea wa Madagaska, ule wenye ua la waridi au jeupe la petali tano uliopandwa kwenye nyua nyingi za pwani. Haikufichwa, imetumika tangu miaka ya 1960. Lakini inachukua mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja, na mtoto wa miaka 6 hupewa kama miligramu 1.2 tu, kwenye mshipa wa damu tu. Ikichomwa kimakosa kwenye uti wa mgongo inaua. Dawa yenye mpaka mwembamba namna hiyo inasafishwa na ini kwa vimeng'enya ambavyo mitishamba inaweza kuvizuia au kuvichochea, na hapo dozi iliyopimwa kwa uangalifu inageuka sumu au inageuka maji. Sisplatini, dawa nyingine ya kemo, nayo inaumiza figo. Unga wa majani uliosagwa sokoni unaweza kuwa na ukungu, na mtoto ambaye kemo imeshusha seli zake nyeupe hana askari wa kupambana nao. Muuzaji asiyeuliza mtoto anatumia dawa gani nyingine, asiyetaja dozi kwa kilo, na anayesema majani hayo hayo yanatibu kisukari, presha na saratani zote, hajui anachouza, au anajua na hajali.

Kuhusu bloku: ni kipande cha uvimbe kilichogandishwa kwenye nta, na vipande vyembamba vya mikroni 4 hukatwa humo na kupakwa kingamwili kama beta-katenini, GAB1 na YAP1 ili kutambua kundi. Kipimo hiki hutegemea sana formalini, maji ya kuhifadhia nyama ya uvimbe, ya siku ya kwanza: asilimia 10, yenye bafa (chumvi za kuzuia isichache), ujazo angalau mara kumi ya kipande. Isiyo na bafa inachacha na kuharibu DNA, na kipimo kinaweza kushindikana hata kwenye maabara bora. Ulizeni namba ya bloku, iko wapi, na kama imebaki nyama ya kutosha. Nta iliyobaki irudishwe kwenye faili lake.

Majani mliyobakiwa nayo msiyatupe. Yawekeni kwenye mfuko pamoja na dawa zake zote, andikeni tarehe aliyoanza kunywa na vikombe vingapi kwa siku, na mkabidhini daktari wa saratani za watoto kabla hajaandika dozi ya kwanza ya kemo. Hatawafokea, na kama atafoka, bado mwambieni.