Tuzo za mazingira si za kupanda miti tu

Kuna wanaosema tuzo za mazingira huenda kwa wapanda miti peke yao. Hapana ndugu, si kweli. Edward Loure, Mmaasai wa Simanjiro, alipewa Tuzo ya Goldman, tuzo ya kimataifa ya watetezi wa mazingira, mwaka 2016 kwa kazi ya makaratasi hasa: hatimiliki za kimila za pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Badala ya kila mtu kukatiwa kipande chake, jamii nzima inamiliki malisho, na kuyauza kinyemela kunakuwa kugumu. Zaidi ya ekari 200,000 kaskazini mwa Tanzania zililindwa hivyo, yakiwemo maeneo ya Wahadzabe, jamii ya wawindaji. Mimi ningempa tuzo hata kwa uvumilivu wa vikao vya kukubaliana mipaka ya ardhi tu!