Curry alirudi kula kiporo chake, na mimi nimekula changu

Juzi usiku nilipata ujumbe huu kutoka kwa msomaji: "Dada shikamoo. Nina miaka 27. Nina keri mbili (masomo niliyofeli na natakiwa kuyarudia), na somo la takwimu hii ni mara ya tatu nalirudia. Wenzangu niliodahiliwa nao wana kazi, mmoja ana gari. Naona aibu hata kupita pale getini chuoni. Niendelee au niachane nayo nikauze mitumba?"

Marahaba mdogo wangu. Nilitaka kukujibu mistari miwili nikalale. Nimeshindwa, umenigusa penye kidonda. Na kwa kuwa najua hauko peke yako (mnaonisoma humu wote mnataka kufika mbali, msijifanye), naandika hapa hapa kila mtu asome.

Mnaonifuata mnakumbuka mwezi uliopita niliweka picha nimevaa joho. Mlinipongeza sana, asanteni. Ila hakuna aliyeniuliza mbona nimevaa joho nikiwa na miaka 38, na mbona mkononi nimeshika kofia nyekundu iliyochakaa. Leo nawaambia, na Stephen Curry, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, yumo ndani.

Nilifika Charlotte, North Carolina, mwaka 2006, nikafikia kwa mama mdogo. Asubuhi nasoma uhasibu kwenye chuo kimoja cha pale mjini, jioni nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee upande wa kaskazini, si mbali na mji mdogo wa Davidson. Kazi ni kuogesha, kulisha, kugeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Mpira wa kikapu sikuujua. Mimi ni mtu wa netiboli, nilicheza GD (beki wa goli) sekondari Tanga, na nilikuwa mkali kweli, waulizeni.

Chumba cha mwisho kwenye korido alikaa Mzee mmoja. Nitamwita Mzee tu. Alisoma Davidson College ujanani, na kitu pekee alichokuwa anakisubiri duniani ni mechi za chuo chake. Davidson ni chuo kidogo, wanafunzi hawafiki elfu mbili. Shule za bweni za kwetu zenye watu wengi kuliko hapo zipo. Msimu huo walikuwa na kijana mwembamba, uso wa mtoto, jezi namba 30 inamning'inia kama kaazima kwa kaka yake. Stephen Curry. Baba yake, Dell, alicheza ligi kubwa ya Marekani, NBA, na alisoma Virginia Tech, lakini hata Virginia Tech hawakumpa mtoto udhamini. Walimwona mdogo mno.

Mzee alinifundisha mchezo kwenye sinia ya chakula. Vikombe vidogo vya dawa ndio wachezaji, na kichupa cha chumvi ndiye Curry. Nikamuuliza kwa nini chumvi. Akasema kwa sababu daktari kamkataza, kwa hiyo angalau aiangalie. Basi kila nikipeleka chakula cha jioni tunacheza kwanza, uji wa shayiri unapoa pembeni. Alinionyesha skrini, yaani mwenzako anasimama kama ukuta ili mkabaji wako agonge pale wewe upite. Nikamwambia kwetu kwenye netiboli ukifanya hivyo refa anapuliza. Alicheka hadi kifaa cha sikio kikaanza kupiga mluzi.

Alinisimulia mechi ya kwanza kabisa ya Curry chuoni, Novemba 2006. Kijana alipoteza mpira mara 13. Kumi na tatu! Kocha mwingine angemkalisha benchi hadi Krismasi. Kocha wao, Bob McKillop, alimwacha uwanjani, na mechi iliyofuata, dhidi ya Michigan, akafunga pointi 32.

Halafu ikaja Machi 2008, mashindano ya mtoano ya vyuo vya Marekani. Sijui niielezeje kwa mtu ambaye hakuwepo. Pointi 40 dhidi ya Gonzaga. Siku mbili baadaye Georgetown wanaongoza kwa pointi nyingi, Mzee ameshazima taa anajifanya amelala, mimi nabadilisha shuka chumba cha pili nasikia anapiga kelele. Curry alifunga pointi 25 kipindi cha pili peke yake, wakashinda. Mechi zilizofuata zikawa Detroit, na wadhamini wa chuo wakatoa pesa mfukoni: basi, tiketi na hoteli kwa wanafunzi waliotaka kwenda. Fikiria chuo chako kikulipie nauli na malazi ukashangilie. Wakawapiga Wisconsin 73 kwa 56, LeBron James amekaa anatazama.

Nane bora wakakutana na Kansas, ambao mwaka ule ndio walibeba kombe. 59 kwa 57, Davidson nyuma, sekunde zinaisha, mpira mikononi mwa Curry. Watu wawili wakamvaa. Akampa mwenzake Jason Richards, Richards akarusha kwa mbali, ukatoka nje. McKillop alikuwa amepiga magoti pembeni ya uwanja. Mzee hakusema kitu. Aliomba chumvi, nami Mungu anisamehe, nilimpa kidogo.

Lakini mechi ninayotaka uishike, mdogo wangu, ni nyingine. Novemba 2008, Davidson na Loyola ya Maryland. Kocha wa Loyola aliamua Curry akabwe na watu wawili mwanzo mwisho, hata asipokuwa na mpira. Na wakati ule Curry alikuwa kwenye msimu aliomaliza akiongoza ufungaji vyuo vyote vya Marekani. Alifanya nini? Alikwenda kusimama kona. Mzee akanipangia kwenye sinia: chumvi kona, vikombe viwili vimeigandia, halafu huku kwingine kote vikombe vinne dhidi ya vitatu. "Hesabu," akaniambia. Curry alimaliza mechi na pointi sifuri. Davidson walishinda 78 kwa 48.

Sifuri. Na ukiwasikiliza mashabiki wa Davidson wa enzi zile, sifuri ile wanaisimulia kwa majivuno yale yale ya zile 40 za Gonzaga.

Mimi wakati huo nafeli takwimu. Naelewa wanne kwa watatu kwenye sinia, ila darasani sielewi kitu.

Juni 25, 2009, usiku wa kugawana wachezaji wa ligi kubwa, mimi na Mzee tuligombana. Mwanetu Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, kutoka chuo cha Connecticut, alichukuliwa wa pili na timu ya Memphis. Wa pili! Mtanzania wa kwanza! Nilipiga vigelegele muuguzi wa zamu akaja mbio akidhani mtu kafa. Curry alikuja kuchukuliwa wa saba, Golden State. Nikamtania Mzee kwamba chumvi yake imeuzwa bei chini ya yetu. Akasema ngoja tu. Najua leo watu wanaitaja ile orodha ili wamcheke Hasheem kwa kuwa hakung'ara kama Curry, na mimi huwa nanuna kabisa. Alifika pale ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika kabla yake, na wanaomcheka hata timu ya mtaa hawakuitwa. Yaishie hapo, nisije nikaharibu siku.

Curry aliondoka Davidson akiwa amesoma miaka mitatu, mwaka mmoja haujaisha. Alimwahidi mama yake na kocha kwamba atamaliza.

Mwaka huo huo na mimi niliacha. Hapa sasa ndipo penye kidonda. Nyumbani niliwaambia ada imepanda. Mama mdogo nilimwambia shifti zimebadilika. Vyote vilikuwa na ukweli kidogo, lakini ukweli wenyewe ni kwamba nilifeli takwimu mara ya pili, nikaitwa kwa mshauri wa masomo, akanitazama akasema labda kazi ya wazee ndiyo inayonifaa. Labda hakuwa na nia mbaya. Sentensi yake nimetembea nayo miaka 16. Sikufukuzwa, mdogo wangu. Sikudisko. Niliacha tu kwenda. Asubuhi moja nililala, ya pili nikalala, ya tatu ikawa kawaida. Zilikuwa zimebaki keri mbili, kama zako.

Mzee kila wiki alikuwa ananiuliza shule inaendeleaje. Nilimjibu inaendelea vizuri. Alifariki 2011 akiamini namalizia. Binti yake alinipa ile kofia nyekundu ya Davidson, imepauka hadi inafanana na tofali, ndani bado ina mafuta ya kichwa chake.

Nikarudi nyumbani 2012. Kwenye harusi ya binamu, mjomba mmoja alisimama na kipaza sauti akanitambulisha kwa ukumbi mzima: "Huyu ndiye yule aliyekwenda Marekani kuchukua digrii akarudi na kofia." Ukumbi ukacheka. Nilicheka pia. Mjomba, kama unasoma, joho umeliona.

Miaka iliyofuata siisimulii, niliandika vitabu vya hesabu vya maduka ya watu na kunyimwa kazi kwa sababu ya karatasi. Curry huku anapasua dunia: ubingwa 2015, 2017, 2018, mchezaji bora mara mbili, rekodi ya mitupo ya pointi tatu kwa ligi nzima pale New York Desemba 2021, ubingwa wa nne Juni 2022. Mimi nashangilia alfajiri na kapu la chapati pembeni, na moyoni nina wivu wa kijinga. Tumezaliwa mwaka mmoja, mimi na yeye.

Kisha ikaja Agosti 31, 2022. Davidson wana utaratibu wao: jezi yako haipandishwi juu ukumbini kwa heshima kama hujahitimu. Hata uwe Curry. Kwa hiyo na pete tatu za ubingwa kidoleni alikuwa ameenda kujisajili upya, akafanya masomo yaliyobaki, akaandika kazi yake ya mwisho ya sosholojia kuhusu usawa wa wanawake kwenye michezo. Mahafali ya Mei yalimkuta kwenye mechi za mtoano, hivyo wakamfanyia yake. Mahafali ya mtu mmoja! Joho jeusi, mhitimu mmoja, watu wamejaa, na namba 30 ikapandishwa. Nilikuwa dukani, simu imeegemea kikokotoo. Mteja aliniuliza nalia nini, nikasema vitunguu. Duka la vifaa vya ofisi lile.

Nilikwenda kabatini, nikatoa kofia. Oktoba nikajisajili chuo hapa nyumbani. Masomo mengi ya kule hayakutambuliwa, nikaanza karibu upya. Miaka mitatu yenyewe nairuka, haina hadithi: daladala, mtoto ana homa, umeme umekatika, kazi ya kukabidhi usiku wa manane. Takwimu nilisapu, yaani nilifeli nikarudia mtihani. Ndiyo, tena! Na niliipita kwa B+, na hiyo B+ nitaitaja hadi mnichoke.

Agosti 2024 fainali ya Olimpiki, Paris, Marekani na Ufaransa, huku kwetu ni usiku na mimi nina mtihani Jumatatu. Nilisema nitatazama robo moja tu. Curry akatia pointi tatu mara nane, ya mwisho mabeki wawili wako usoni kwake, halafu akaweka viganja shavuni kuwaambia Wafaransa wakalale. Nikaamsha nyumba nzima. Mume wangu akaniuliza kama kuna mwizi.

Sasa ushauri. Rudi. Najua utaniambia Curry ana mamilioni, ana walimu wanaompigia simu, wewe huna hata bando. Kweli kabisa, na asikudanganye mtu kwamba ni sawa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya wewe kuihitaji karatasi kuliko yeye. Yeye hakuna bosi angemuuliza cheti. Wewe watakuuliza hata ukiomba kazi ya kuhesabu soda. Kwa hiyo rudi.

Na mwaka huu kubali kusimama kona. Wenzako wana magari, wana harusi, wana picha za Zanzibar, na wewe hufungi hata pointi moja. Waache wafunge. Simama kona na takwimu yako. Usimtangazie mtu kwamba umerudi, mimi sikumwambia hata mama hadi mwaka wa pili. Na tafadhali usidanganye kama nilivyomdanganya Mzee. Kukaa kimya ni kitu kingine. Uongo unakufuata hadi makaburini, na huko hakuna wa kumwambia umeshapita.

Mitumba uza Jumamosi na Jumapili, sijakukataza. Takwimu isome kwenye sinia. Nasema kweli, chukua chumvi, chukua maharage, panga uone kwa macho. Kitabu peke yake kilinishinda mara tatu.

Nimeangalia tovuti ya chuo chako, usajili wa keri unafungwa Ijumaa saa kumi. Ukishalipia nitumie picha ya risiti. Nusu ya ada ya somo moja nitaitoa mimi, ila ukinidai kabla ya risiti sikupi.