Je, hali ngumu ni udhuru wa kutoa mimba?

SWALI: Assalamu alaykum shehe. Nina watoto watatu na mimba ya miezi miwili. Mume wangu ameachishwa kazi na kodi ya nyumba inatudai. Wifi yangu ananihimiza niitoe sasa, eti kabla ya miezi minne hakuna dhambi. Usingizi umenipaa. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah, dada yangu.

Wifi yako ameshika nusu ya habari. Hadithi ya Ibn Mas'ud, waliyoipokea Bukhari na Muslim, inataja hatua tatu za siku arubaini arubaini, kisha malaika hutumwa kupuliza roho. Zikishapita siku hizo 120, kuitoa ni haramu, ila uhai wa mama ukiwa hatarini. Kabla ya hapo wanazuoni wamekhitilafiana. Baadhi ya Mahanafi (wa madhehebu ya Hanafi) waliruhusu penye udhuru. Wamaliki wengi walikataza tangu mwanzo, na Imamu Ghazali, naye ni Mshafii, ameiita jinai tangu mbegu itulie tumboni. Mimi nashika kauli hii.

Na umaskini siuhesabu kuwa udhuru. Katika Al-An'aam (6:151) wanakatazwa kuua watoto wazazi ambao tayari ni maskini: "Sisi tunakuruzukuni nyinyi na wao." Katika Al-Israa (17:31) wanakatazwa wanaouogopa umaskini ujao, na hapo watoto wametangulizwa: "Sisi tunawaruzuku wao na nyinyi." Kweli, aya hizo zilishuka kwa waliokuwa wakiua watoto waliokwishazaliwa, ila hofu yenyewe ndiyo hii yako.

Lakini nikikusomea aya nikaenda zangu, nitakuwa nimekudhulumu. Imepokewa kuwa Umar bin Khattab, khalifa wa pili, alikuwa akimpangia mtoto posho ya hazina akishaachishwa ziwa tu. Usiku mmoja akasikia mtoto analia hanyamazi. Mama yake, bila kujua anazungumza na nani, akasema anamwachisha mapema kwa sababu Umar hampi kitu anyonyaye. Umar akasalisha alfajiri huku kilio kimemkaba, akijiuliza amekwishaua watoto wangapi wa Kiislamu. Akaamuru kila mtoto apangiwe posho tangu kuzaliwa. Natamani kila kamati ya msikiti inayopigia kelele utoaji mimba iisome habari hii kwanza.

Mumeo anaingia katika wanaostahiki zaka (At-Tawba 9:60) kwa milango miwili: ufukara na deni. Mwende wote wawili kwa imamu wenu, mumweleze bila haya. Hamuombi fadhila, ni haki yenu. Kliniki usiache kwenda, na daktari akiona hatari kwa uhai wako, niandikie tena, maana hilo lina hukumu yake.

Tena ndugu wa mumeo wenye mali wanaweza kumpa zaka zao, na Mtume (s.a.w.) amesema sadaka kwa jamaa ni mbili: sadaka na kuunga udugu. Wifi yako naye, kama mali yake imefika nisabu, yaani kiwango kinachowajibisha zaka, zaka yake yafaa kwa kaka yake. Mwambie hivyo, kwa upole.